Vidonge vya damu na kikombe cha chai: haya maagizo ya "meza baada ya chai" yanatuponza

Mama_Mtumba_Busia (mwanzisha uzi)

Hamjambo wana jukwaa. Niko Busia, upande huu wa Uganda, nauza nguo za mtumba sokoni. Naleta jambo lililotupotezea miezi miwili nyumbani, na naamini wako wengi humu linawapotezea hata sasa na hawajui.

Mdogo wangu ana mimba. Alipoanza kliniki ilikuwa miezi minne, wakampima damu wakakuta 8.9. Mjamzito akiwa chini ya 11 anahesabiwa ana upungufu wa damu, kwa hiyo akapewa vidonge vya damu, vile vyekundu vyenye madini ya chuma na foliki, ndani ya bahasha ndogo ya kaki. Aliyekuwa dirishani akamwambia: "Kimoja asubuhi baada ya chai, kimoja jioni baada ya chakula." Bahasha ikaandikwa 1 x 2, basi.

Mdogo wangu ni mtu wa kushika maagizo. Asubuhi anamimina chai kutoka kwenye flaski, chai ya rangi nzito yenye tangawizi, anavunja chapati, anakula, halafu anameza kidonge kwa chai ileile iliyobaki kikombeni. Jioni hivyohivyo, maana kwetu chakula cha jioni hakikosi chai pembeni. Hakuruka hata siku moja. Vidonge nilikuwa navihesabu mimi mwenyewe.

Mwezi wa kwanza damu 9.0. Mwezi wa pili 9.1. Mkunga aliyekuwa zamu siku hiyo akamuuliza mbele ya akina mama wengine kama vidonge anavitupa. Mdogo wangu alilia njia nzima kwenye boda. Hilo neno liliniuma mno, kwa sababu najua mtu anavyojilazimisha kumeza kitu kinachomtia kichefuchefu kila siku ya Mungu, halafu anaitwa mwongo.

Tukaenda kwingine, kituo kidogo kijijini kwa mama mkwe wake. Pale mkunga mmoja mtu mzima aliuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kutuuliza: "Unameza na nini?" Aliposikia ni chai hakugomba. Alichukua glasi, akaweka chai ya rangi kutoka kwenye birika lao, akasaga kidonge kimoja kwa kijiko, akautia ule unga akakoroga. Chai ilikuwa nyekundu kama kawaida. Tulikaa dakika chache tukiitazama. Ikaanza kuwa kama ya zambarau, halafu ikawa nyeusi ti, kama wino wa kalamu. Akasema, "Hiki ndicho kinachotokea tumboni mwako kila asubuhi. Chuma kimeshikwa na chai. Damu haikipati."

Sasa hapa ndipo ninapotaka tusikilizane. Kwa lugha yetu, "chai" si kinywaji peke yake. Mtu akikwambia "njoo tunywe chai" asubuhi, ana maana ya chakula cha asubuhi chote: mandazi, mihogo, katogo, hata ugali wa jana. Musawo, yaani mhudumu wa afya, anaposema "meza baada ya chai" yeye ana maana usimeze ukiwa na njaa, tumbo lisikuume. Mgonjwa anasikia kikombe. Na hata akielewa sawasawa, amekwisha kunywa chai, tumbo limejaa chai, na kidonge kinadondokea humohumo. Neno moja linabeba mambo mawili na anayeumia ni mgonjwa.

Mkunga yule alibadilisha saa tu, dawa hakugusa: kimoja asubuhi mapema kwa maji kabla ya kwenda sokoni, chai isubiri ile ya saa nne, kingine usiku wakati wa kulala, kwa maji, na chungwa kama lipo. Wiki sita baadaye damu ilikuwa 10.6.

Naomba wenye ujuzi waeleze vizuri zaidi, na tuambiane: ni dawa zipi nyingine zinazogombana na chai?

---

Mkunga_Tororo

Dada, umeandika jambo ninalolisema kila siku ya kliniki na bado halijaenea. Pole kwa mdogo wako. Kuitwa mwongo mbele za watu hakumpi mtu damu.

Niongeze kidogo. Majani ya chai yana kitu kinaitwa tanini. Ni ile inayokaza ulimi ukinywa chai iliyochemshwa sana. Tanini ikikutana na chuma vinashikana, vinakuwa kitu kisichopenya ukuta wa utumbo, kinapita mpaka chooni. Na hapa kuna jambo linalowapotosha hata sisi wahudumu: mama akisema choo chake ni cheusi, tunasema vizuri, vidonge vinamezwa. Lakini ule weusi ni chuma ambacho hakikuingia. Unaonyesha kwamba amemeza. Hauonyeshi kwamba mwili umepokea.

Kutia maziwa hakuokoi. Kalsiamu ya kwenye maziwa nayo inazuia chuma, kwa hiyo chai ya maziwa ina vizuizi viwili. Kahawa iko kundi hilohilo.

Kinachosaidia ni vitamini C. Chungwa, limau kwenye maji, pasheni, nyanya mbichi. Hicho kinakishika chuma katika hali ambayo utumbo unaipokea. Chuma cha nyama na samaki hakisumbuliwi sana na chai, ila hiki cha maharage na mboga za majani kama dodo na nakati kinasumbuliwa. Mtu anakula kikomando chake, chapati na maharage, na anashushia kikombe kikubwa cha chai, yale maharage yamempa shibe lakini chuma kingi kimepotea. Acha ipite saa moja baada ya kula ndipo unywe chai. Kwa vidonge, mimi huwaambia ipite saa mbili nzima.

Na akina mama wanaotumia emumbwa, ule udongo wa dawa za kienyeji, au wanaokula udongo: udongo nao unashika chuma. Siwakatazi kwa ukali, maana ukikataza kwa ukali wanakuficha. Nawaomba wauweke mbali na kidonge.

Ila chai isibebeshwe mzigo wote. Utafiti wa afya wa nchi nzima wa 2016 ulikuta karibu theluthi moja ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 hapa Uganda wana upungufu wa damu, na watoto wa chini ya miaka mitano zaidi ya nusu. Malaria inakula damu. Minyoo ya safura inakula damu. Damu ikikataa kupanda hata baada ya kutenganisha chai, rudi upimwe hivyo vingine.

---

Mzee_wa_Bombo

Wanangu, mimi ni Mnubi wa Bombo, nimekaa kambini miaka mingi. Tulikunywa chai ya sturungi, yaani chai ya rangi, asubuhi, mchana na usiku, na dawa tulimeza kwa chai hiyo kwa sababu maji ya kunywa ndiyo yalikuwa ya shida. Klorokwini tulimeza kwa chai. Tulipona. Sasa mnataka kusema nini, kwamba miaka yote hiyo tulipona kwa bahati?

---

Mfamasia_Mbale

Mzee wetu, heshima kwako. Hukupona kwa bahati. Dawa nyingi hazina ugomvi na chai. Panadol ukimeza kwa chai inafanya kazi. Amoksilini pia haina shida na kikombe cha chai. Na jambo la maji ulilolitaja ni la kweli: chai imechemshwa, ni salama kuliko maji ya mtoni, na watu wengi waliizoea kwa sababu hiyo. Sitamwambia mtu aliye mbali na bomba aache chai ameze kwa maji machafu. Chemsha maji, yaache yapoe, weka chupa moja kando kwa ajili ya dawa.

Shida ni kwa dawa chache, lakini ni dawa tunazozitumia sana. Chuma tayari kimesemwa. Ya pili ni siprofloksasini, ambayo hapa kwetu mtu akiambiwa ana taifodi mara nyingi ndiyo anapewa. Hiyo haina ugomvi na majani, ina ugomvi na maziwa. Kalsiamu inaishika kama tanini inavyoshika chuma. Mtu anameza siprofloksasini kwa chai ya maziwa asubuhi na jioni siku saba, dawa inaingia nusunusu, vijidudu vinapigwa nusu vinabaki. Halafu anarudi anasema taifodi yake ni sugu. Imeze kwa maji saa mbili kabla ya chai ya maziwa, au kama umekwisha kunywa, ipite saa sita. Tetrasaiklini, dawa nyingine ya vijidudu, ni hivyohivyo.

---

Dereva_Malaba

Mfamasia hapo umenigusa. Nilipewa siprofloksasini nikiwa njiani, naendesha lori kutoka Malaba kwenda Kampala, foleni ya usiku. Ili nisisinzie nikawa nakunywa chai kali na kahawa. Moyo ulidunda kama unataka kutoka kifuani, mikono ikatetemeka, usingizi nikaukosa hata nilipopaki. Nilidhani ni taifodi imepanda kichwani. Je, ni hiyo dawa?

---

Mfamasia_Mbale

Inawezekana sana, ndugu yangu. Kafeini ya kwenye chai na kahawa inavunjwa na ini. Siprofloksasini inaizuia ile njia ini inayotumia kuivunja. Kikombe ulichokunywa saa kumi na mbili jioni kinakuwa bado kimo mwilini usiku wa manane, na juu yake umeongeza vingine vitatu. Yaani hapa chai haikuizuia dawa, dawa ndiyo iliyoizuia chai isitoke. Ukiwa kwenye dawa hiyo punguza chai na kahawa, na kama moyo unadunda hivyo usikae kwenye usukani. Paki, lala.

Na kwa kuwa wewe ni mtu wa barabara, niseme na hili: wanaotafuna mairungi, yaani miraa. Watafiti wa Yemen walipima wakakuta kutafuna majani hayo kunapunguza kiasi cha ampisilini kinachoingia mwilini, na amoksilini kwa kiasi kidogo zaidi. Hayo majani nayo yana tanini. Usitafune huku unameza dawa ya vijidudu.

---

Binti_Arua

Samahani, mimi nimechanganyikiwa kidogo. Mwanangu alipewa Coartem, dawa ya malaria, wiki iliyopita na musawo akaniambia nimpe na maziwa au chakula chenye mafuta. Sasa humu mnasema maziwa mabaya. Nishike lipi?

---

Mkunga_Tororo

Shika la musawo wako. Ndiyo maana sipendi watu wachukue uzi huu waufanye sheria moja ya dawa zote.

Ndani ya Coartem kuna dawa mbili, na moja yake, lumefantrini, haiyeyuki vizuri kwenye maji, inapenda mafuta. Ukiimeza na maziwa, au na chakula chenye mafuta kidogo, inaingia mwilini mara nyingi zaidi kuliko tumbo tupu. Huhitaji mlo wa sherehe, kikombe cha maziwa au chapati inatosha, kwa mtoto hata ziwa la mama. Kwa hiyo hapa chai ya maziwa ni rafiki. Chai ya rangi haina mafuta, haikusaidii chochote, ingawa haikudhuru.

Cha muhimu kwa Coartem ni dozi sita zote. Ya pili ni saa nane baada ya ya kwanza, halafu asubuhi na jioni siku mbili zinazofuata. Mtoto akitapika ndani ya nusu saa, mrudishie dozi hiyo.

---

Mwalimu_FortPortal

Nasoma kwa makini. Huku kwetu Toro mashamba ya chai yanaanza ukingoni mwa barabara, na wanafunzi wangu wengi karo yao inatoka kwenye kuchuma majani, kwa hiyo naomba chai isitajwe kama sumu.

Nina jambo moja la kuchangia. Dawa ya pumu iitwayo theofilini jina lake linatokana na jani la chai. Mjerumani Albrecht Kossel aliitoa kwenye majani ya chai mwaka 1888. Jirani yangu ana pumu na anatumia aminofilini, ambayo ni ndugu yake. Anakunywa chai kutwa nzima. Ina neno?

---

Mfamasia_Mbale

Mwalimu, ina neno kidogo. Theofilini iliyomo kikombeni ni chembe tu, haitibu wala haidhuru. Lakini kafeini na theofilini ni watoto wa ukoo mmoja, zinafanana umbo na zinavunjwa njia moja kwenye ini. Mtu wa aminofilini akinywa chai kali kutwa, anajiongezea kutetemeka, moyo kwenda mbio na kukosa usingizi. Vikombe viwili vyepesi, sawa. Birika zima, hapana. Na akipewa siprofloksasini amwambie musawo mara moja kwamba anatumia aminofilini, maana hapo dawa ya pumu inaweza kupanda mwilini mpaka ikawa hatari.

Nikiwa hapohapo: wenye rovu au tezi waliopewa thairoksini. Kidonge hicho kinataka maji matupu, tumbo tupu, halafu nusu saa mpaka saa moja ndipo kikombe chochote kifuate. Kahawa imeonekana wazi inakizuia, na chai usiiamini.

---

Mgeni_77

Naomba nisiulizwe jina. Ninatumia dawa za virusi vya UKIMWI, kile kidonge kimoja cha usiku chenye dolutegravir. Nina mimba ya miezi mitano na nimepewa vidonge vya damu. Nilikuwa nameza vyote pamoja usiku kwa chai ili nisisahau. Nimesoma hapa nikaogopa. Je, nimemdhuru mtoto?

---

Mkunga_Tororo

Mama, asante kwa kuuliza, na usiogope. Unameza dawa kila siku, hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote.

Chai yenyewe haina ugomvi wa maana na kidonge chako cha usiku. Chuma ndicho chenye ugomvi nacho. Dolutegravir ikikutana na kidonge cha chuma au cha kalsiamu kwenye tumbo tupu, inashikwa na kiwango chake mwilini kinashuka. Una njia mbili. Ya kwanza, umeze vyote viwili kwa wakati mmoja lakini pamoja na chakula, kwa maji. Ya pili, uvitenganishe: kidonge cha virusi kitangulie saa mbili kabla ya chuma, au kifuate saa sita baada yake. Wengi wanaona rahisi kumeza chuma asubuhi na kile kingine usiku. Dawa za kiungulia zenye magnesiamu au aluminiamu hizo usizichanganye nacho hata kwa chakula, zitenganishe tu.

Usiache kidonge chochote kwa sababu ya uzi huu. Kliniki ijayo waambie ulivyokuwa unameza, na uulize tarehe yako ya kupima wingi wa virusi. Kipimo hicho ndicho kitakachokutuliza moyo.

---

Mgeni_77

Asante sana mama. Nimepumua.

---

Mzee_wa_Bombo

Nimesoma yote mpaka chini. Mfamasia, nimekuelewa. Sasa nina swali la nyumbani. Binti yangu anameza vidonge vya damu baada ya kujifungua, na Ramadhani yuko tayari kufunga kama daktari atamruhusu. Kwetu Wanubi futari ni chai kwanza, na daku chai tena. Hicho kidonge kitapita wapi?

---

Mkunga_Tororo

Mzee, swali zuri, na umesema vema kwamba daktari aulizwe kwanza, hasa kama ananyonyesha na damu iko chini. Anayo ruhusa ya dini ya kulipa baadaye.

Akifunga: futari yake ianze kwa tende na maji, kidonge kimezwe kwa maji hayohayo, aende akaswali, na chai aisogeze mpaka baada ya tarawehe. Zikipita kama saa mbili hapo katikati, inatosha. Kama tumbo linamkataa, basi akimeze wakati wa kulala, saa mbili baada ya kikombe cha mwisho.

---

Mama_Mtumba_Busia

Mungu awabariki nyote. Mzee wa Bombo, nimefurahi umerudi. Mgeni_77, niko nawe.

Nimeleta habari. Jana tumetoka kliniki, ileile ya kwanza, kwa sababu ndiko atakakojifungulia. Damu 11.2. Nilikwenda mpaka dirishani, bila ugomvi, nikamwambia yule kijana anayegawa dawa habari ya glasi na kidonge kilichosagwa. Akaniambia shuleni alifundishwa habari za tanini, ila kwenye foleni ya watu themanini "baada ya chai" ndiyo inatoka mdomoni haraka. Nikamuuliza, kwani "usiku kwa maji" ni ndefu kuliko hiyo?

Aliinama, akachukua bahasha ya mdogo wangu, akaifuta ile 1 x 2. Damu ikishafika hapo ni kidonge kimoja kwa siku. Akaandika kwa kalamu ya bluu: *1 usiku, maji.* Halafu akavuta rundo la bahasha tupu lililokuwa mezani, akaanza kuziandika hivyohivyo moja moja, na mama aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni alipewa ya kwanza.